Nyumba ya Stesheni kama Matini: Kuusoma Usanifu wa Stesheni Kongwe za Reli kutoka Komarock

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuusoma usanifu wa nyumba za stesheni kongwe za reli nchini Kenya jinsi mhakiki anavyoisoma matini. Stesheni tutakazozirejelea zaidi ni zile za njia iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901, hususan stesheni ya Nairobi, ambayo ndiyo chimbuko la jiji lenyewe. Tunayaandika haya tukiwa upande wa mashariki wa Nairobi, katika mtaa wa Komarock, mtaa usio na stesheni yake. Reli ya kwenda Thika, iliyofunguliwa mwaka 1913, hupitia Makadara na Dandora na kuendelea hadi Githurai na Ruiru. Kwa hiyo mkaazi wa Komarock hulijua garimoshi kama kitu kinachopita mitaa ya jirani. Anayetaka kuiona nyumba kamili ya stesheni, yenye madirisha ya tikiti na vyumba vya kungojea, hana budi kupanda matatu aende mjini.

Huenda msomaji akauliza: usanifu wa majengo una uhusiano gani na Kiswahili? Tunaamini kwamba uhusiano upo, tena ni wa karibu. Isimujamii imetufunza kuwa mahali mtu anaposimama anapozungumza ni sehemu ya maana ya anachokisema. Stesheni ni mojawapo ya mahali pa kwanza katika bara ambapo watu wa lugha nyingi walilazimika kukutana chini ya paa moja, wakaulizana bei, saa na mwelekeo, na aghalabu waliulizana kwa Kiswahili. Nyumba iliyowakutanisha watu hao haikujengwa bila nia. Dai letu ni kwamba paa la stesheni na mpangilio wa vyumba vyake husema mambo mawili yanayopingana: paa hudai kuwakinga wasafiri wote, ilhali mpangilio wa vyumba huwapanga kwa thamani. Wakati huu ambapo eneo zima la reli jijini Nairobi limo katika mpango wa kujengwa upya, suala la ni lipi kati ya hayo mawili litakalohifadhiwa si la wasanifu peke yao.

2. Maneno yaliyopanda garimoshi

Tuanze na msamiati, kwa kuwa huko ndiko tulikozoea.

Neno “kituo” linatokana na kitenzi “tua”. Hapo ndipo mpagazi wa msafara alipoutua mzigo wake, akapumzika, kisha akautwika tena. Reli ilipofika, ilikuta neno hili likiwa tayari kutumika. Hata hivyo, wasemaji walichukua “stesheni” kutoka Kiingereza na kuiachia reli neno lake mahususi. Leo tuna kituo cha basi, kituo cha polisi na kituo cha afya, lakini mtu akitaja “stesheni” bila kuongeza neno jingine, wengi wetu hufikiria reli. Kwa maoni yetu, utengano huu wa maana haukutokea kwa bahati tu. Wasemaji waliona kwamba mahali hapa si kituo cha kawaida. Msafara ulitua palipokuwa na maji na kivuli. Garimoshi hutua pale ratiba inaposema.

Maneno mengine hayakukopwa upya bali yalihama. “Behewa” katika nyumba za mawe za pwani ni ua au ukumbi wa ndani; leo wanafunzi wengi hulijua kwa maana ya chumba cha garimoshi tu. Neno la usanifu liliondoka nyumbani, likapanda reli, lisirudi. “Mataruma”, yaani vipande vinavyolazwa chini ya reli ili kuishika, yalijulikana na mabaharia kama mbao za kuimarisha chombo. “Jukwaa” lilikuwepo kabla ya abiria wa reli kusimama juu yake. Halafu kuna maneno yaliyokuja na mafundi na vibarua kutoka Bara Hindi: “gari” lenyewe, na “karakana”, mahali pa kutengenezea mitambo. Katika Nairobi tuna pia “landi”, yaani nyumba za safu za wafanyakazi, neno ambalo bado linasikika katika jina la Landi Mawe, hatua chache kutoka stesheni.

Neno linalotuhusu zaidi, hata hivyo, ni “daraja”. Kwa Kiswahili daraja huunganisha ng'ambo mbili za mto, na daraja vilevile ni ngazi au cheo. Reli iliyatumia maana zote mbili kwa wakati mmoja. Ilijenga madaraja ya chuma juu ya mito ili watu wavuke, kisha ikawagawa watu haohao katika daraja la kwanza, la pili na la tatu. Tutalirudia neno hili tukifika kwenye vyumba.

3. Bati, mbao na simba wa Kima

Reli ilianzia Mombasa mwaka 1896. Mwisho wa njia ulifika Nairobi, maili 327 kutoka pwani, mwezi Mei 1899, na ukafika Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwezi Desemba 1901. Wafanyakazi takriban 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na takriban 2,500 kati yao walifia kazini. Katika mwendo wa kasi namna hiyo hapakuwa na nafasi ya kuibuni kila stesheni upya. Stesheni za mwanzo zilikuwa nyumba za mbao na mabati, zilizojengwa kwa ramani chache zilizorudiwarudiwa njiani. Mkaazi wa Komarock hahitaji kufafanuliwa jambo hili kwa kirefu. Anaishi katika mtaa ambamo mchoro mmoja wa nyumba ulirudiwa safu baada ya safu, na anajua kwamba ramani ikirudiwa, tofauti huanza kuonekana pale tu wenyeji wanapoongeza ukuta, duka au chumba cha juu.

Bati la mikunjo halikuwa jambo geni duniani wakati huo. Lilibuniwa mwaka 1829 na Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari za London, na muda mfupi baadaye ikapatikana njia ya kulipaka zinki lisishike kutu. Siri yake iko kwenye mikunjo. Karatasi ya chuma iliyonyooka hupinda kwa uzito wake yenyewe, lakini ikikunjwa mawimbi hupata nguvu za kuvuka nafasi pana bila kuhitaji boriti nyingi chini yake. Tena mabati hupangwa moja juu ya jingine, yakachukua nafasi ndogo melini. Nyumba nzima iliweza kusafirishwa ikiwa mafungu ya mbao na mabati, ikafika kwa reli ileile iliyokuja kuihudumia.

Bati lina kasoro zake, na usanifu wa stesheni ni jitihada ya kuzipunguza. Adhuhuri hupokea joto na kulimwaga ndani. Mvua ikinyesha, mtu hawezi kumsikia mwenzake. Kwa sababu hiyo paa liliinuliwa juu na kuachiwa nafasi za hewa kupita. Liliendelezwa mbele ya ukuta hadi likafanya upenu mpana ulioegemea nguzo, ili jua la mchana lisiuguse ukuta wenyewe. Sakafu iliinuliwa kutoka ardhini kuepusha unyevu na mchwa. Hata zile mbao za ukingoni mwa paa zilizochongwa meno, ambazo mtazamaji hudhani ni pambo tupu, zina kazi: maji hukusanyika kwenye ncha za meno na kudondoka mbali, badala ya kuuvizia ubao na kuuozesha. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu wahakiki wetu wana mazoea ya kutenga fani na maudhui kana kwamba moja ni nguo na jingine ni mwili. Ubao wenye meno hauruhusu mgawanyo huo.

Kuna kisa kinachoonyesha uimara wa bati kuliko maelezo yoyote ya kihandisi. J. H. Patterson, katika kitabu chake kuhusu simba wa Tsavo kilichotoka mwaka 1907, anasimulia kwamba katika stesheni ya Kima simba alipanda juu ya paa na kujaribu kuyang'oa mabati, huku karani wa simu ya maandishi akiwa chini yake akituma ujumbe wa kuomba msaada. Mabati yalimshinda. Mwezi Juni 1900, katika stesheni hiyohiyo, afisa wa polisi wa reli aitwaye Charles Ryall alivamiwa na simba akiwa ndani ya behewa lililoegeshwa kando, akauawa. Behewa hilo limo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, na mwanafunzi yeyote anaweza kwenda kulitazama. Unabii wa Mugo wa Kibiru, kama unavyosimuliwa miongoni mwa Wagikuyu, ulimtaja nyoka wa chuma. Haukutaja mashimo ambamo nyoka huyo angelala, na mashimo hayo ndiyo yaliyogeuka kuwa miji.

4. Kutoka bati hadi mawe

Kadiri reli ilivyoanza kuleta mapato, ndivyo mbao na bati zilivyopisha mawe katika stesheni kubwa. Nairobi ilikuwa na bahati ya kijiolojia: imekalia mwamba laini wa majivu ya volkano, ambao fundi huukata kwa tindo na nyundo bila taabu kubwa, kisha hudumu miaka mingi. Msomaji wa upande wetu anaujua mwamba huu vizuri. Machimbo ya Njiru na Kayole yamelisha ujenzi wa jiji kwa muda mrefu, na nyumba nyingi za mashariki ya Nairobi zimejengwa kwa mawe ya aina hiyo. Kwa hiyo mtu wa Komarock akisimama mbele ya ukuta wa mawe wa enzi ya reli, anautazama mwamba wa nyumbani kwao ukiwa umevishwa mavazi rasmi.

Mavazi hayo yanaonekana kwa ukamilifu katika jengo la makao makuu ya reli kwenye Barabara ya Haile Selassie, lililobuniwa na Herbert Baker katika miaka ya 1920. Huyu ni mbunifu yuleyule aliyechora majengo ya serikali ya Pretoria na kushiriki katika ujenzi wa New Delhi. Jengo lina nguzo zilizopangwa kwa safu na uso mpana unaotazama mjini. Si nyumba ya kungojea garimoshi; ni nyumba ya kuamuru magarimoshi. Ukitoka hapo ukaenda stesheni yenyewe, unaona tofauti ya lafudhi, ingawa lugha ni moja. Makao makuu huinuka juu ili yaonekane, na stesheni hulala chini na kujinyoosha kwa urefu sambamba na reli, kwa sababu umbo la stesheni huamuliwa na urefu wa garimoshi.

Katika Tanganyika Wajerumani walisema jambo kama hilo kwa lahaja nyingine. Reli yao ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na stesheni ya Kigoma, yenye matao na paa la vigae, ingali inawavutia wageni. Hatutakaa huko. Inatosha kusema kwamba hata pale, kwenye mwisho wa njia, mkoloni aliweka jengo lenye fahari kuliko mahitaji ya abiria wachache wa wakati huo. Stesheni ya mwisho wa njia hujengwa kwa ajili ya anayetazama kutoka ng'ambo ya ziwa.

5. Ofisi iliyo katikati

Tukiingia sasa ndani ya nyumba, chumba cha kwanza kukitazama ni ofisi ya stesheni masta. Kwa kawaida iko katikati ya jengo, mlango wake unafunguka moja kwa moja jukwaani, na dirisha lake linamwezesha kuona ncha zote mbili za njia. Sababu ni ya kiusalama. Reli yetu ilikuwa ya njia moja. Magarimoshi mawili yanayokabiliana yangeweza kupishana stesheni tu. Dereva hakuruhusiwa kuondoka hadi apewe idhini inayothibitisha kwamba njia ya mbele i wazi, na idhini hiyo ilitolewa baada ya stesheni masta kuwasiliana na mwenzake wa stesheni inayofuata. Hivyo chumba hiki kidogo, chenye mezani pake simu na daftari, kilibeba uhai wa kila abiria.

Tunaweza kusema kwamba ofisi hii ni kitenzi cha sentensi nzima. Vyumba vingine vyote, yaani bohari ya mizigo, dirisha la tikiti na vyumba vya kungojea, vimepangwa kulia na kushoto kwake kama nomino zinazosubiri kutendwa. Nje kuna kengele, na kuna ubao wa jina la stesheni, ambao katika njia zetu uliandikwa pia kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Ubao huo ni maandishi ya kuvutia. Uliwafanya watu ambao hawakuwahi kusoma ramani wajue kwamba wanapanda.

Stesheni masta wa enzi ya ukoloni katika njia hii, hasa miaka ya mwanzo, aghalabu alikuwa Mhindi. Mwenye mamlaka ya juu alikuwa Mzungu aliyeketi makao makuu. Mbeba mizigo na mpiga kengele alikuwa Mwafrika. Kiswahili kilichosikika mlangoni mwa ofisi hiyo kilikuwa Kiswahili cha amri na majibu mafupi. Wanaotafuta chimbuko la Kiswahili cha bara, pamoja na dharau ambayo baadhi ya watu wa pwani walikuwa nayo juu yake, wasiache kuchunguza sehemu hii. Si rahisi lugha ikue kwa adabu mahali ambapo kila mazungumzo yanakatizwa na kipenga.

6. Daraja la kwanza, la pili, la tatu

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Stesheni kubwa ya kikoloni haikuwa na chumba kimoja cha kungojea. Abiria wa daraja la kwanza, ambao kwa desturi ya wakati huo walikuwa Wazungu, walikuwa na chumba chao chenye viti vya mito. Wa daraja la pili, wengi wao Wahindi, walikuwa na chao. Abiria wa daraja la tatu, yaani Waafrika, na ambao ndio waliokuwa wengi kuliko wote, walingojea nje, chini ya upenu au kwenye banda la wazi, wakikalia mizigo yao. Dirisha lao la tikiti liliwekwa kando ili foleni yao isikutane na njia ya wengine. Vyoo vilitengwa vivyo hivyo. Sheria ya kuwagawa haikuhitaji kusomwa kwa sauti. Miguu ya msafiri iliijua kwa kufuata milango.

Ni muhimu tulinganishe mpangilio huu na nyumba ya Mswahili. Katika nyumba ya mawe ya Lamu, mgeni hupokewa kwanza kwenye daka au barazani, kisha kadiri anavyozidi kujulikana ndivyo anavyozidi kusogezwa ndani: kiwandani, msanani, na hatimaye, kama ni jamaa wa karibu, ndani kabisa. Pale pia pana ngazi za heshima. Pana mipaka, na pana watu wasiovuka. Hatutaki kuipamba nyumba hiyo kana kwamba iliwafungulia wote, kwani historia ya utumwa wa pwani inatukataza. Lakini baraza yake ina mwenyeji. Anayeketi pale anaketi kwa idhini ya mtu mwenye jina, na mtu huyo ana wajibu wa kumsalimu, kumuuliza habari na pengine kumpa kahawa. Baraza ya stesheni haina mwenyeji. Kivuli chake kinafanana na kile cha baraza, nguzo zake zinafanana, hata upana unaweza kulingana, ila anayeketi pale hana wa kumuuliza “hujambo”. Anangojea ratiba.

Hii ndiyo maana tumesema kwamba paa na mpangilio husema mambo mawili. Ukilitazama jengo kutoka mbele, unaona upenu mmoja mrefu unaowakinga wote kwa jua na mvua. Ukiichora ramani yake kwenye karatasi, unaona jamii nzima ya kikoloni imelazwa chini kwa mistari. Kwa mtazamo wetu, hata waandishi wa riwaya wa kipindi hicho hawakuuchora mgawanyo huo kwa uwazi kama mchoraji wa ramani za stesheni, na mchoraji huyo wala hakudhani kwamba anaandika chochote.

Mantiki hiyohiyo ilienea nje ya jengo. Upande mmoja wa stesheni, wa juu, zilijengwa nyumba za maafisa zenye bustani. Upande wa mashariki, kwenye ardhi tambarare, zikajengwa landi za wafanyakazi: Muthurwa, kisha Makongeni, nyumba za safu zenye vyumba vidogo na bomba la pamoja. Ukiutazama mji wa Nairobi kwa jicho hili, unaona kwamba mitaa yote ya mashariki, kuanzia ile ya reli na ya halmashauri hadi iliyokuja baadaye sana kama Komarock, inaendeleza mwelekeo ulioanzishwa na stesheni. Banda la daraja la tatu lilipojaa, lilimwagikia mashariki. Kuna watakaosema tunatia chumvi. Tunawaomba wapande juu ya jengo lolote refu la katikati ya jiji na watazame paa zinavyobadilika kutoka magharibi kwenda mashariki.

Baada ya uhuru mwaka 1963 mabango ya rangi yaliondolewa. Madaraja yalibaki, sasa yakipimwa kwa fedha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli la pamoja lilivunjika nalo, na kila nchi ikachukua stesheni zilizo katika mipaka yake. Kuanzia miaka ya 1990 stesheni nyingi ndogo za Kenya zilipungukiwa na abiria. Baadhi ya vyumba vyake viligeuzwa makazi na maghala, na vingine vikaachiwa popo.

7. Nini kihifadhiwe?

Reli ya kisasa ilifunguliwa mwaka 2017, na safari za usiku kati ya Nairobi na Mombasa kwenye reli ya zamani zikakoma mwaka huohuo. Stesheni mpya zina usanifu wa aina nyingine. Ile ya Nairobi, karibu na Syokimau, huelezwa kuwa na umbo la magarimoshi yaliyounganishwa kwa daraja, na ile ya Mombasa, kule Miritini, huelezwa kuwa mfano wa mawimbi ya maji. Ni tashbihi zilizojengwa kwa saruji na kioo, na hatuna ugomvi na tashbihi. Lakini jengo linalofanana na wimbi hulieleza wazo la mbunifu wake; stesheni kongwe, bila kukusudia, ilieleza hali ya abiria wake. Mhakiki mwenye kutafuta taarifa za kijamii atafaidika zaidi na ya pili. Isitoshe, stesheni mpya iko mbali na mji, kwa hiyo abiria anayetoka Komarock kwenda Mombasa huuzunguka mji kabla ya kuuacha.

Hata hivyo reli ya zamani haijafa. Safari za abiria kwenda Nanyuki zilirejea mwaka 2020 na za Kisumu mwaka 2021, na stesheni kadhaa za njia hizo zilipakwa rangi upya. Wakati huohuo kuna mpango wa Jiji la Reli la Nairobi, unaohusu ekari 425 za eneo la reli, na ambao ujenzi wa kituo chake kikuu kipya ulizinduliwa mwezi Desemba 2022. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo lenye thamani ya kihistoria kutangazwa turathi. Basi si kwamba hakuna chombo cha kuokoa majengo. Tatizo ni ufahamu wa kinachookolewa.

Desturi ya uhifadhi mijini, hapa na kwingineko, ni kuuokoa uso wa jengo. Ukuta wa mbele husafishwa, saa hurudishwa mahali pake, upenu hupakwa rangi. Kisha kuta za ndani hubomolewa ili kupata ukumbi mpana wa mikahawa na maduka. Kwa nyumba nyingine huenda hilo likavumilika. Kwa nyumba ya stesheni ni sawa na kulihifadhi jalada la kitabu na kuzitupa kurasa. Uso wa jengo ndio unaosema “wote mnakaribishwa”. Kuta za ndani, milango mitatu, dirisha la kando na banda la nje ndizo zinazosema ukweli. Zikiondolewa, mjukuu wa mpagazi ataingia katika ukumbi mzuri wenye historia na asijue kwamba babu yake hakuruhusiwa kuketi pale. Tunapendekeza kwamba stesheni yoyote itakayohifadhiwa ihifadhiwe pamoja na mpangilio wake, na kila chumba kitambulishwe kwa matumizi yake ya awali, pakiwemo mahali ambapo hapakuwa na chumba.

Utambulisho huo ufanywe kwa lugha gani? Mabango ya zamani yalikuwa ya Kiingereza, na majina ya Kiswahili ya vyumba hivyo yalibaki vinywani mwa waliovitumia. Wafanyakazi wa reli waliostaafu walikuwa na istilahi zao kwa kila sehemu ya jengo, njia na mtambo, na nyingi kati ya hizo hazimo katika kamusi tulizonazo. Baadhi ya wazee hao bado wako katika mitaa ya mashariki, na umri hauwangojei. Chama chetu kina wanafunzi wanaopita Jogoo Road na Landhies Road kila siku wakielekea mihadharani. Tungependekeza waanze kwa kazi ndogo: wapate ramani ya stesheni moja tu, waende nayo kwa mzee mmoja aliyefanya kazi pale, wamwombe aitaje kila sehemu kwa jina alilolitumia yeye, kisha waandike jina hilo juu ya ramani, mlango kwa mlango, wakianza na dirisha la tikiti la daraja la tatu.